Maswali ya abiria: launji, ukungu wa Songwe na mama asiyeweza ngazi

Toleo lililopita niligusia launji, zile kumbi za kupumzikia za viwanja vya ndege, kwa mstari mmoja tu nikaendelea na mengine. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua na meseji zimemiminika kutoka Mwanjelwa hadi Makambako, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: sisi tunaopanda ndege za bei nafuu tutakaa wapi, tutakula nini, na tunanyimwa nini hasa? Nimechagua chache. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikaa kaunta ya kupokelea abiria Dar kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na sasa nauza tiketi hapa Kabwe, Mbeya. Abiria nimewajua wakiwa na raha na wakiwa wamevimba.

*Dada, mimi nauza nguo za watoto Mwanjelwa. Huwa nakwenda Dubai kufunga mzigo, na napanda flydubai kwa sababu bei yake naimudu. Safari iliyopita mwenzangu aliingia launji pale Dar, mimi nikabaki nje nimekalia begi. Tiketi zetu sawa, daraja sawa! Nilipomuuliza akasema “mimi nina kadi.” Kadi gani hiyo? Na kuna watu wanasema abiria wa ndege za bei nafuu hawaruhusiwi kabisa. Ukweli ni upi?*
— Mfanyabiashara, Mwanjelwa

Dada yangu, waliokuambia hivyo wamechanganya mambo mawili. Kuna launji za mashirika ya ndege yenyewe, na kuna launji za kampuni ambazo hazina hata ndege moja.

Zile za mashirika ndizo za zamani. American Airlines walifungua yao ya kwanza mwaka 1939 pale LaGuardia, New York, na enzi hizo uliingia kwa kualikwa. Hadi leo launji za namna hiyo ni za abiria wa daraja la biashara na wateja wa kudumu wa shirika. Mashirika ya bei nafuu mengi hayana habari nazo. Kodi ya ukumbi, wapishi, wahudumu, maua mezani, vyote hivyo ni gharama, na wao wanaishi kwa kukata kila kisichoruka. Ila usimchukulie kila mmoja hivyo. Hiyo flydubai unayoipanda ina daraja la biashara, na mwenye tiketi hiyo launji ya Dubai imo kwenye bei yake.

Zile nyingine ni biashara inayojitegemea. Plaza Premium walianzia Hong Kong mwaka 1998, na pale Dubai kuna kampuni iitwayo marhaba. Hawa kazi yao ni kuuza kiti, chai na choo safi kwa yeyote mwenye pasi ya kupandia ndege ya siku hiyo. Mlangoni hakuna anayekuuliza tiketi ulinunua kwa shilingi ngapi. Anaangalia utalipaje.

Sasa hiyo kadi. Yaweza kuwa ya uanachama, kama Priority Pass, walioanza mwaka 1992. Daraja lao la chini limekuwa likiuzwa Marekani dola 99 kwa mwaka, na bado kila ukiingia unalipa dola 35. Au yaweza kuwa kadi ya benki, hizi Visa na Mastercard za madaraja ya juu, ambazo benki imezifungia huduma ya launji ndani yake. Hapo ndipo watu wanapoumia. Benki moja inakupa kuingia bure mara kadhaa kwa mwaka. Nyingine inakupa haki ya kuingia tu, bili inakufuata nyuma. Yule binti wa mlangoni akipitisha kadi yako kwenye mashine na kukuambia “karibu sana,” hajasema ni bure. Mashine imekubali kwamba kadi yako inajulikana, basi. Mwambie mwenzako akaangalie taarifa ya akaunti yake ya mwezi ule. Na kama alikusudia kukuingiza na wewe siku nyingine, mgeni huhesabiwa peke yake. Kichwa kimoja, malipo mamoja.

Tuje kwenye hesabu, maana wewe ni mtu wa biashara. Dola 35 ni zaidi ya shilingi 80,000. Launji nyingi zinakupa saa tatu, ukizidisha unalipa tena au unaombwa utoke. Pale Dar unaondokea Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa Agosti 2019, ambalo viti si tatizo lake. Ukifika muda wa kawaida, ukatoa begi, ukapita Uhamiaji na ukaguzi, inakubakia saa moja na nusu ukijitahidi. Shilingi 80,000 kwa soda, sambusa na kiti laini kwa saa moja na nusu? Mimi silipi. Nanunua maji, nakaa karibu na geti, nahesabu pesa za mzigo kichwani.

Mahali ambapo wafanyabiashara wenzako huniambia “bora ningelipa launji” ni wakati wa kurudi. Hoteli ya Deira, kule Dubai, inakutoa chumbani mchana, ndege yako ni usiku. Umechoka, umetembea masoko yote, miguu imejaa. Unawaza: niende eapoti mapema, niingie launji, nioge, nilale. Haiwi hivyo, dada. Launji hizo ziko ndani, ng'ambo ya Uhamiaji. Huwezi kuvuka hapo na begi la kilo 30. Lazima ulikabidhi kwanza kaunta, na kaunta za mashirika mengi hufunguliwa kama saa tatu kabla ya ndege. Kwa hiyo ukifika saa nane kabla, saa tano za mwanzo utazikalia pale nje na troli lako, launji inakutazama tu. Begi ndilo linalokufunga. Shilingi 80,000 hizo hizo zungumza na hoteli wakuongezee saa za chumba hadi jioni. Hoteli nyingi za Deira wamezoea wafanyabiashara wa Afrika na bei huzungumzika. Ukishindwa, waombe wakutunzie mizigo mapokezi, wengi hawatozi.

Ningelipa launji lini? Nikiwa kwenye tranziti ya saa sita au zaidi, begi langu limeshaandikwa moja kwa moja hadi mwisho wa safari, na launji hiyo ina bafu. Au nikiwa naumwa. Hapo silalamikii bei. Lakini weka nafasi mapema kwa simu yako pale inapowezekana, kwa sababu saa za msongamano wenye kadi hurudishwa mlangoni, kadi zao mkononi, kwamba kumejaa.

*Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka sabini na ushee, magoti yanamsumbua. Tunampeleka India kwa matibabu, mimi ndiye namsindikiza. Songwe hadi Dar kwa ndege moja, halafu Dar hadi Mumbai kupitia Dubai kwa tiketi ya bei nafuu, na Dubai tunasubiri saa saba. Nimejichanga nimlipie launji ajinyooshe. Nifanyeje ili asichoke?*
— Mtoto wa mwisho, Makambako

Marahaba mwanangu. Mama apone. Pesa ya launji iweke pembeni kidogo, tuanze na kitu cha bure ambacho watu wengi hukikosa kwa kutojua kukiomba: kiti cha magurudumu.

Kuna viti vya aina tatu kwenye kompyuta ya shirika, kila kimoja na herufi zake. WCHR ni kwa mtu anayeweza ngazi na kutembea ndani ya ndege, ila masafa marefu ya uwanjani hayawezi. WCHS ni kwa mtu asiyeweza ngazi, lakini akishafikishwa mlangoni anatembea mwenyewe hadi kwenye kiti. WCHC ni kwa mtu wa kubebwa hadi kwenye kiti chake. Sasa mtoto anapiga simu anasema “mama anahitaji kiti cha magurudumu,” anayepokea anaandika WCHR kwa sababu ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na wote wanaridhika.

Kisha asubuhi pale Songwe, uwanja wetu wa Mbeya. Abiria mnatembea kwa miguu hadi kwenye ndege, mnapanda ngazi. Ikiwa ni ATR, ile ndege ndogo ya pangaboi, mlango wa abiria uko nyuma na ngazi yake ni ule mlango wenyewe umefunguliwa ukalala: vidato vichache, vyembamba, na kamba ya kushikilia. Ikiwa ni A220, ile ya jeti, ngazi ni ndefu na upepo wa bonde lile unakupiga shingoni. Kijana wa uwanjani anamsukuma mama vizuri kabisa hadi chini ya ngazi, anafunga breki, anamwangalia mama. Mama anaangalia ngazi. Kijana anaangalia karatasi yake, imeandikwa WCHR. Nimeshuhudia mama wa watu akipandishwa na abiria wawili wenye moyo, mmoja kwapani huku na mwingine kule, kitenge kinamvuka, anaomba radhi kwa kila mtu. Hakuwa na kosa lolote. Herufi moja tu ndiyo ilikuwa imekosewa.

Kwa hiyo unapopiga simu sema hivi: “Mama hawezi kupanda ngazi.” Waandike WCHS, na wakutumie tiketi inayoonyesha hivyo. Fanya hivyo saa 48 kabla, ikiwezekana zaidi. Na ufanye kwa kila tiketi peke yake. Ndege ya Songwe na ile ya Dubai ni mashirika mawili yasiyosalimiana. Ulichomwambia huyu, yule hakijui.

La pili, kiti cha ndani ya ndege. Kwenye ndege za bei nafuu kuchagua kiti kunalipiwa, na watu hukwepa. Kwa mama mwenye magoti lipa. Mchukulie cha pembeni mwa njia, karibu na choo, na wewe ukae katikati. Ukinipa pesa ya kitu kimoja tu, kiti au launji, nachukua kiti bila kufikiri mara mbili. Kule launji atakaa saa tatu, na humu ndani hana pa kwenda.

Sasa hiyo launji ya Dubai. Kwa saa saba, na kwa mtu wa umri wake, ndiyo, mlipie. Ila ujue unachonunua. Launji nyingi zina sofa na viti vya kuegemea, vitanda hakuna. Uliza kama saa tatu zinaongezeka na kwa bei gani, kisha mwingize saa za mwisho, au zile za katikati ambazo mwili unalegea, usimwingize mara tu mnaposhuka. Wale wahudumu wa viti vya magurudumu mara nyingi huwapeleka abiria wao kwenye eneo maalum la kusubiria. Waambie kwa maneno wazi mnakwenda launji ipi na waje kuwachukua saa ngapi. Launji nyingi hazitangazi ndege. Watu husinzia humo, wakaamka geti limefungwa. Weka alamu ya simu. Kuna na hoteli ndani kabisa ya uwanja wa Dubai, huhitaji viza kuifikia, lakini iko Jengo namba 3. Tazama tiketi yenu imeandika jengo gani, maana flydubai wanatumia namba 2 na namba 3.

Mengine kwa kifupi. Ndege za bei nafuu blanketi hawagawi bure, mbebee mama kitenge cha ziada na soksi. Hewa ya ndani ni kavu kuliko anavyoijua, anywe maji hata kama anaogopa kwenda chooni; ndiyo maana nikasema kiti cha karibu na choo. Kila baada ya muda achezeshe vifundo vya miguu, na akiweza asimame. Dawa zake zikae kwenye begi la mkononi pamoja na cheti cha daktari, usizipeleke tumboni mwa ndege. Kama ana shida ya moyo au mapafu, hospitali impe barua kwamba anaweza kuruka, kwa sababu mgandamizo wa hewa ndani ya ndege unaweza kuwa sawa na wa mlima wa mita kama 2,400. Kwa watu wa ukanda wetu hilo si geni. Mkazi wa kule Kitulo, penye mita 2,600, akipanda ndege kusema kweli mapafu yake yanashuka.

*Anti, mambo. Nipo chuo Iringa, nimepata nafasi ya mafunzo Berlin. Nimeona Dar–Istanbul kwa shirika moja, halafu Istanbul–Berlin kwa Pegasus kwa bei ya kutupa. Katikati kuna saa sita. Nimepanga kulala launji ya Istanbul. Ni ipi nzuri?*
— Mwanachuo, Iringa

Poa mwanangu. Kabla ya launji, angalia herufi tatu za uwanja kwenye kila tiketi. Nina hakika ya kwanza imeandikwa IST na ya pili SAW. IST ni uwanja mpya ambao ndege kubwa zilihamia Aprili 2019, uko upande wa Ulaya wa mji. SAW ni Sabiha Gökçen, upande wa Asia. Katikati kuna mlango wa bahari wa Bosphorus na foleni za jiji lenye watu zaidi ya milioni 15. Utatakiwa kuingia nchini kwa viza, kuchukua begi lako, kuvuka mji, na kuanza upya kaunta. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikujui.

Usinunue. Tafuta tiketi moja inayokufikisha Berlin, hata ikizidi bei kidogo, begi likiandikwa moja kwa moja. Ukishaipata niandikie tena tuzungumze launji.

*Mwandishi, mimi nina hasira. Nilikuwa na ndege ya asubuhi Songwe, niunganishe Dar jioni ile ile kwenda nje. Ukungu! Ndege imetoka Dar imefika juu yetu, tunasikia mlio wake, imezunguka, imerudi Dar. Tumekaa mpaka mchana. Nilipowaomba watulipie hata chai na mahali pa kupumzika wakanijibu ni hali ya hewa. Ile ndege ya nje ikaniacha, pesa ikapotea. Nani ananilipa?*
— Mwalimu, Uyole

Pole sana mwalimu. Mlio wa ndege usiyoiona nao una maudhi yake, abiria wote wameinua shingo kuangalia weupe.

Ukungu wa bonde la Songwe asubuhi hauna adabu. Uyole unaamka jua limechomoza, unaona mlima Loleza wote safi, unajua safari ipo. Ukipita Mbalizi na kushuka kuelekea kiwanda cha saruji unaanza kuwasha taa za gari. Rubani ana kiwango chake cha umbali wa kuona barabara ya kurukia. Kisipofika hashuki, na hakuna meneja wa kumlazimisha. Kwenye hilo mimi niko upande wake siku zote.

Kuhusu malipo nitakuambia ukweli usioupenda. Kwa hali ya hewa mashirika mengi hayalipi fidia. Lakini wana deni la kukusafirisha kwa ndege nyingine au kukurudishia nauli, hilo usilisamehe. Chai na chakula hutegemea masharti ya shirika na moyo wa msimamizi wa siku hiyo. Omba kwa upole, omba kwa maandishi, na omba mapema kabla wengine mia moja hawajaanza kupiga kelele. Wasipokujibu kuhusu nauli, waandikie barua wao kwanza, kisha peleka nakala TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ile ndege ya nje, kwa kuwa ilikuwa tiketi nyingine kabisa, kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea. Hata ungekuwa na sababu ya kweli kiasi gani.

Nawaambia wateja wangu kitu hiki hadi wananichoka: kama una tiketi mbili tofauti, usiondoke Mbeya siku ile ile ya ndege ya nje. Nenda Dar jana yake. Wanasema gesti ya Dar ni gharama. Ni gharama, ndiyo, lakini bei yake ni kama ya kuingia launji mara moja, na humo unapata kitanda kizima na usingizi wa usiku mzima. Mimi hiyo ndiyo naiita launji ya mtu wa Mbeya.

Na usisahau barabara. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Ndege ikifutwa saa nne asubuhi na ya nje ni kesho jioni, usikae Songwe ukisubiri matumaini hadi giza liingie. Rudi Mbeya, panda basi la mchana au jioni, ni zaidi ya kilomita 800 lakini utaamkia Dar. Labda lori liwe limelala mlima Kitonga, hapo tena ni mapenzi ya Mungu.

*Kamwene. Nasafiri kwenda kwa mwanangu Dubai, nimetengeneza chapati, mayai ya kuchemsha, na nina chupa mbili za asali ya hapa kwetu. Nimeambiwa kwenye ndege hizi chakula kinauzwa ghali. Nitaruhusiwa kuingia navyo?*
— Bibi wa wajukuu watatu, Mafinga

Kamwene, bibi, shikamoo. Chapati na mayai pita navyo, ule kabla hujapanda au ndani ya ndege, ila mayai yamenye nyumbani, harufu yake kwenye ndege iliyofungwa haina rafiki. Chakula chako mwenyewe ndege nyingi za bei nafuu hazikikatazi, mradi si cha moto na si pombe.

Asali ndiyo yenye kesi. Kwa ukaguzi wa safari za nje asali ni kimiminika, sawa na maji na mafuta ya nywele. Sharti ni chombo kisichozidi mililita 100, na vyote vitoshe kwenye kifuko cha lita moja kinachoonyesha ndani. Hili lilianza mwaka 2006 baada ya njama ya kulipua ndege zinazotoka London kwa vilipuzi vya maji. Nimewaona wakina mama wakilia mbele ya pipa la taka, asali ya lita nzima inatumbukizwa humo. Iweke kwenye begi la kupeleka tumboni mwa ndege, kifuniko kikiwa kimezungushiwa gundi ya karatasi, kisha uifunge ndani ya nguo zisizo za thamani. Lakini kwanza angalia tiketi yako, bibi, au mwambie mjukuu aangalie: tiketi ya chini kabisa ya mashirika haya mara nyingi ina begi la mkononi la kilo 7 tu, la tumboni ukilinunua pale kaunta ni bei ya kukukimbiza. Linunuliwe nyumbani, kwenye simu, siku kadhaa kabla. Na muulize mwanao kama huko wanaruhusu asali kuingia.

Pawabenki ya simu, kinyume chake, iwe mkononi, kamwe isiende tumboni. Ya 20,000 mAh haina shida.

*Bosi wangu akisafiri anapita mlango wa VIP. Na mimi nikitoa pesa yangu naweza kupita huko, hata kama tiketi yangu ni ya promosheni?*
— Dereva, Njombe

Kaka, VIP ni ya viongozi na wageni wa serikali, na orodha yake inatoka kwa watu wa itifaki. Hiyo haiuzwi. Kinachouzwa kwenye viwanja vikubwa ni CIP, ambayo ni ya watu wa biashara, na humo ukilipa unaingia, tiketi ya promosheni au ya bei kamili. Piga simu uwanja unaoondokea, uliza bei ya siku hiyo na kama inajumuisha mtu wa kukusaidia kupita kaunta, kwa sababu bila huyo mtu utapanga foleni ile ile na wenzako kisha ndiyo ukakae kwenye sofa. Na ukiingia, kula ushibe humo humo. Kufungasha kwenye mfuko hawaruhusu, nimeona mtu akitolewa sambusa nne mfukoni mwa koti.